Nilimfanya Askari

Miaka kumi na moja nimefundisha historia kidato cha tano na cha sita, na kila mwaka kulikuwa na kipindi kimoja nilichokingoja kama sikukuu: Sparta na Rousseau. Kipindi hicho niliingia mikono mitupu, bila hata notsi. Rousseau, nilisema, mzaliwa wa Geneva, 1712, aliota jamii ya raia walio sawa, wasiolegezwa na anasa. Basi Sparta, dola-mji ya Ugiriki ya kale, ilikuwa imeshaiishi ndoto hiyo zaidi ya miaka elfu mbili kabla yake. Raia wake walijiita Walio Sawa. Pesa yao chuma. Wanaume walikula pamoja, tajiri na asiyenacho chakula kimoja.

Halafu namalizia na hadithi ya mama, ambayo Rousseau anaisimulia mwanzoni mwa kitabu chake *Émile*. Mama wa Sparta ana wana watano vitani. Mjumbe anafika, anamwambia wote wameuawa. Mama anamkaripia, kwani si hilo alilouliza. Anapoambiwa Sparta imeshinda vita, anakimbilia hekaluni kushukuru. Hapo darasa zima lilinyamaza, nami nikajiona mwalimu kweli.

Mjumbe huyo nilimwita askari. Hakuwa askari. Kitabuni ni Heloti, na mama anamwita mtumwa, tena kwa dharau. Nilijua. Nilimbadilisha makusudi, maana ukimtaja Heloti utaulizwa Heloti ni nani, na utamu wa hadithi umekwisha.

Mwaka mmoja nilikuwa naeleza ule mlo wa pamoja. Mwandishi wa kale Plutarch anataja alichotoa kila mtu kwa mwezi: shayiri, divai, jibini, tini, na vijisenti vya kitoweo. Aliyeshindwa kutoa mgao wake alipoteza uraia. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, si umesema hao wanaume walishinda mazoezini? Sasa hiyo shayiri alilima nani?" Kwao walikuwa wakulima; nadhani ndiyo maana aliliona yeye kabla ya wote. Nikamjibu: "Hilo halitoki kwenye mtihani. Kaa." Wenzake wakacheka. Hakunyoosha mkono tena mpaka anamaliza shule.

Walilima Waheloti, watumwa wa Sparta, wengi wao watu wa Messenia waliotwaliwa pamoja na ardhi yao. Herodotus anasema kwenye vita vya Plataea, 479 KK, kila Msparta alifuatana na Waheloti saba. Kila mwaka watawala wapya waliwatangazia vita rasmi, ili kumuua Heloti kusihesabiwe dhambi. Thucydides naye anasimulia kwamba waliambiwa wajitokeze waliopigana vizuri kuliko wote, wapewe uhuru. Wakachaguliwa kama 2,000, wakavikwa mashada, wakayazunguka mahekalu kwa furaha. Muda si mrefu wakatoweka, na hakuna aliyejua kila mmoja alikufa vipi.

Mwaka jana nilivunjika mguu. Wiki sita ndani ya nyumba, nikakisoma *Mkataba wa Jamii* cha 1762 mwanzo mpaka mwisho, kitabu nilichokuwa nikikifundisha kwa dondoo. Katika sehemu ya tatu Rousseau mwenyewe anakiri kuwa uhuru kamili wa raia wa Sparta ulidai utumwa wa kupindukia kwa mwingine. Na ni yeye yule ambaye, kurasa za mwanzo, anakataa kwamba mtu aweza kuwa na haki ya kummiliki mwenzake. Mgongano huo hakuutatua, lakini hakuuficha. Aliyeuficha ni mimi. Sparta niliipaka rangi, na Rousseau nikamfanya mjinga kuliko alivyokuwa.

Binti yule sijui yuko wapi siku hizi. Alistahili kujibiwa siku ileile, kwa neno moja tu. Nawe uliyepita darasani kwangu, kama daftari la historia bado unalo, itafute hadithi ya mama wa Sparta. Palipoandikwa "askari", kata. Andika "Heloti".