Kinangop: Ndege anayeishi kwa hisani ya kondoo

UKIMWAMBIA jirani yako wa Umoja au Buruburu kwamba Jumapili utawapeleka watoto kutazama ndege, huenda akadhani mnaelekea Embakasi kuziona zikipaa na kutua. Lakini wapo Wakenya ambao kwao ndege ni huyu mwenye manyoya, na ambao huamka alfajiri kumfuata. Matembezi ya Jumatano asubuhi ya chama cha Nature Kenya, ambayo hukusanya watu wenye darubini shingoni katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, yalianza mwaka wa 1971.

Leo, mpenzi msomaji, twende mbali kidogo na jiji, hadi Kinangop katika Kaunti ya Nyandarua. Huko wanaomlinda ndege si wataalamu wa mjini bali ni wakulima wenyewe.

Panda matatu ya Njabini. Mtapita Limuru na baridi ya Kinale, kisha mkifika Fly Over gari litaacha barabara kuu ya Nakuru na kushika kulia. Usisahau sweta. Uwanda wa Kinangop uko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na upepo wake haumjali mgeni. Upande mmoja utaiona milima ya Nyandarua imevaa mawingu; upande wa pili ardhi inaporomoka kuelekea Bonde la Ufa na Naivasha. Karibu na Njabini kuna bwawa la Sasumua, ambalo hupeleka maji Nairobi. Kwa hivyo huenda chai uliyokunywa asubuhi kabla ya kuondoka ilitoka huku huku unakokwenda.

Enzi za ukoloni uwanda huu ulikuwa wa walowezi na mifugo yao. Miaka ya sitini ukakatwa vipande na kugawiwa wakulima wadogo, nao wakawagawia watoto wao. Unachokiona leo ni ua baada ya ua: viazi, kabeji, ng'ombe wa maziwa, na hapa na pale kipande cha nyasi kilichoachwa. Ni katika vipande hivyo ndimo anamoishi tunayemtafuta.

Wataalamu humwita Macronyx sharpei, kwa heshima ya Richard Bowdler Sharpe, Mwingereza aliyesimamia hifadhi ya ndege katika makumbusho ya London. Sisi hapa na tumwite kucharefu, kwa sababu ukucha wa kidole chake cha nyuma ni mrefu ajabu, kama uliotengenezewa kutembea juu ya nyasi. Akikupa mgongo hutamjua: ni kahawia yenye michirizi, rangi ya nyasi kavu. Akigeuka, kifua chake ni manjano. Ukimkaribia ataruka kidogo, kisha atatumbukia tena nyasini. Anakula wadudu, na hujenga kiota chini, katika kichaka cha nyasi ngumu.

Ukimkosa Kenya hutampata popote duniani. Anaishi katika nyasi za nyanda za juu pekee, na ameorodheshwa miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kuangamia.

Sasa nawageukia ninyi wanafunzi. Tangu marehemu Profesa Wangari Maathai aanzishe Green Belt mwaka wa 1977, tumefundishwa kwamba kuhifadhi mazingira ni kupanda mti. Ni kweli, lakini si kila mahali. Kucharefu hakai msituni. Mkulima akipanda mikaratusi katika nyasi zake, ndege huyu huhama kama vile tu ambavyo angehama kama zingelimwa viazi. Mche unaopandwa kwa nia njema waweza kumfukuza, na nadhani jambo hili lingefaa kusemwa zaidi katika vilabu vyetu vya mazingira shuleni.

Hapo ndipo linapoingia kundi la wenyeji liitwalo Friends of Kinangop Plateau, yaani marafiki wa uwanda wa Kinangop. Huhesabu ndege, huzuru shule na huwatembeza wageni. Lakini kazi iliyonivutia mimi zaidi haihusu ndege hata kidogo. Ni sufu. Kondoo huhitaji nyasi, na mwenye kondoo hana haja ya kulima malisho yake. Kwa hiyo kina mama wa Njabini wakasokota sufu na kufuma mazulia na mikoba ya kuuza, ili nyasi nazo zilete senti nyumbani. Hata hivyo kondoo wasizidi kiasi, kwa maana wakila hadi kwenye mizizi, vile vichaka vya kujengea kiota navyo vitakwisha.

Je, hesabu hiyo yatosha? Jiweke katika nafasi ya mzazi mwenye ekari mbili au tatu na karo ya kulipa Januari. Viazi vikishika bei, msimu mmoja humaliza deni. Sufu huleta pesa kidogo kidogo. Shamba ni lake, hati ni yake, wala hakuna askari wa mbuga wa kumwambia alime au asilime. Nature Kenya imenunua vipande vya ardhi huko na kuviacha viwe nyasi, na hilo ni jema, lakini hakuna chama kitakachonunua uwanda mzima. Mimi simlaumu anayelima. Sisi wa jijini tunaotaka ndege abaki ndio tunaopaswa kuulizwa tunachangia nini.

Ukienda, tafuta mtu wa kundi hilo akuongoze, na omba ruhusa kabla ya kuingia shambani mwa mtu. Mbwa abaki nyumbani. Kama mvua imenyesha vaa gambuti, kwani udongo wa Kinangop hushika mguu na kukataa kuuachilia. Ukibahatika kufika wakati wa kuzaana, watoto watacheka kumwona ndege mwingine mweusi, mwenye mkia mrefu uliopinda, akirukaruka juu ya nyasi kama mpira ili kumshawishi jike.

Zulia la sufu likikupendeza, linunue kule kule Njabini kwa waliolifuma. Mkirudi, matatu itashuka hadi barabara kuu karibu na Soko Mjinga, na abiria wataomba dereva asimame kidogo wanunue viazi.