Habari za Ballarat na Bendigo, Miji Miwili ya Dhahabu

Yuko ndugu mmoja miongoni mwetu ambaye mwanawe anasoma katika mji wa Melbourne, nchi ya Australia, naye ametuletea swali: "Mimi na mama yake tunakwenda kumtazama mtoto. Siku zetu ni chache, nasi twaweza kutoka mjini mara moja tu. Je, twende Ballarat, au twende Bendigo?" Kwa kuwa mimi nimeifikia miji yote miwili, nikiwa pamoja na baba yangu mdogo, ambaye katika ujana wake alichimba dhahabu Chunya miaka kumi na mmoja, nimeombwa kujibu. Nitajibu kama nilivyoona, wala sitaficha kwamba mimi na baba mdogo hatujapatana shauri hata leo.

Miji hii yote miwili imo katika jimbo la Victoria. Ballarat uko upande wa magharibi wa Melbourne, yapata maili 70, na garimoshi hufika kwa muda wa saa moja na nusu. Bendigo uko upande wa kaskazini, maili 90 na zaidi, nawe utakaa garini kama saa mbili. Zamani hapakuwa na mji wala mtaa mahali hapo. Nchi ya Ballarat ilikuwa ya watu waitwao Wadawurrung, na ya Bendigo ilikuwa ya Dja Dja Wurrung, kisha wakaja Wazungu wenye makundi ya kondoo. Ndipo mwaka 1851 dhahabu ikaonekana, kwanza Ballarat mwezi wa Agosti, na Bendigo kabla mwaka haujaisha. Wa Bendigo husimulia kwamba waliotangulia kuiokota ni wanawake wawili wa mashamba ya kondoo, Margaret Kennedy na Julia Farrell, ingawa wako watu wengine waliodai sifa hiyo. Habari zilipovuka bahari, watu walimiminika toka Uingereza, Ireland, Ujerumani, Marekani na China, na bonde la kondoo likawa bahari ya mahema.

Sisi tulianza Ballarat. Mji umejengwa juu, yapata futi 1,400 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake si ya mchezo. Baba mdogo alivaa makoti mawili na bado akalalamika. Wageni wengi huenda moja kwa moja mpaka kilima kiitwacho Sovereign Hill. Hapo, tangu mwaka 1970, wamejenga upya mtaa wa wachimbaji kama ulivyokuwa katika miaka ya 1850: maduka, karakana za magurudumu, shule, farasi na magari yao, na watu waliovaa nguo za zamani, ambao ukiwasemesha hukujibu kana kwamba wao ni wa wakati ule. Kuna mfereji wa maji wenye changarawe, nawe hupewa karai uchekeche mwenyewe, na punje utakayoipata ni mali yako. Waziwazi dhahabu hiyo hutiwa humo na wenye mahali, lakini wageni husahau hayo mara wauonapo mng'ao.

Baba mdogo alipochukua karai, kijana mmoja mwenye kofia ya kizamani alimkaribia ili amfundishe. Akasimama kidogo akitazama mikono ya mzee jinsi inavyozungusha maji, kisha akanyamaza, akaita wenzake wawili waje watazame. Muda si muda zikaonekana punje tano chini ya karai. Yule kijana akauliza alijifunza wapi. Baba mdogo akajibu kwa Kiswahili, "Njaa ndiyo mwalimu, mwanangu," nami nikafasiri, wakacheka wote. Siku ile sikutambua kwamba yeye hakuwa akicheka.

Chini ya kilima hicho hicho huonyeshwa habari za bonge la dhahabu liitwalo Welcome Nugget, lililopatikana Bakery Hill mwezi wa Juni 1858, uzito wake wakia zaidi ya 2,200. Lakini ukiniuliza jambo gani la kukupeleka Ballarat, sitakutajia bonge hilo. Nitakutajia kipande cha bendera.

Serikali ya wakati ule ilimtoza kila mchimbaji fedha kwa ajili ya leseni, apate dhahabu asipate, na polisi walikuwa wakiwasaka watu mashimoni kama wawindwavyo wanyama. Mwezi wa Oktoba 1854 mchimbaji mmoja, James Scobie, aliuawa karibu na hoteli ya Eureka. Mwenye hoteli akaachiliwa na mahakimu, na wachimbaji kwa hasira wakaiteketeza hoteli. Mambo yakazidi kuwa mabaya. Mwisho wa Novemba walitweka bendera yao ya buluu yenye msalaba mweupe na nyota, na mtu wa Ireland, jina lake Peter Lalor, akawaapisha chini yake. Wakajenga boma la magogo. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 1854, askari wakalishambulia boma hilo, na mapigano hayakufika hata nusu saa. Wachimbaji wasiopungua 22 walikufa, na askari wachache. Lalor alipigwa risasi, mkono wake wa kushoto ukakatwa.

Sasa tazama yaliyofuata. Watu 13 walishtakiwa kwa uhaini huko Melbourne mwaka 1855, na baraza halikumtia hatiani hata mmoja. Leseni ile ikafutwa, ikawekwa hati ya paundi moja kwa mwaka mzima. Na Lalor mwenye mkono mmoja aliingia katika Bunge, hata akawa Spika tangu 1880 mpaka 1887. Bendera yenyewe, iliyochanika na kupungua kwa sababu watu walikata vipande vya ukumbusho, ipo bado mjini, katika nyumba ya makumbusho ya Eureka, chumbani mwenye mwanga hafifu. Tulisimama pale muda mrefu. Yako na mengine ya kutazama Ballarat: barabara ya Sturt iliyo pana kama uwanja, jumba la sanaa, ziwa Wendouree ambako mashindano ya makasia ya Olimpiki yalifanyika mwaka 1956, na ile barabara ndefu ya miti zaidi ya 3,700, kila mti umepandwa kwa jina la mtu mmoja wa mji huo aliyekwenda katika Vita Kuu ya Kwanza. Miti hiyo ilipandwa kwa juhudi za wasichana washonaji wa kiwanda cha nguo. Usiikose, hata kama utaipita garini tu.

Kati ya miji hiyo miwili kuna basi, nasi tukalipanda siku ya tatu.

Jina la Bendigo litawapendeza wasomaji wetu. Palikuwa na bondia Mwingereza, William Thompson, mmoja wa watoto watatu waliozaliwa kwa mimba moja, akabandikwa jina la Abednego, kama yule wa tatu katika tanuru ya Danieli. Midomo ya watu ikalifupisha likawa Bendigo. Kisha mfanyakazi mmoja wa mashamba ya kondoo kule Australia, hodari wa ngumi, akaitwa hivyo kwa kumfananisha na bondia, kijito alichokaa kando yake kikaitwa hivyo, na mwisho mji. Wakuu walijaribu kuuita Sandhurst, na kwa miaka mingi ukawa na jina hilo, hata mwaka 1891 wenyeji walipopiga kura kulirudisha la Abednego.

Huko nako walikataa leseni, na mwaka mmoja kabla ya Ballarat. Mwaka 1853 walikusanya maelfu ya sahihi, wakampelekea gavana La Trobe, wakiomba walipe shilingi 10 badala ya 30. Alipokataa, walijifunga utepe mwekundu kofiani kuonyesha umoja wao. Hapakumwagika damu. Labda ndiyo sababu watu wachache huijua habari hiyo, nami naona ni dhuluma kidogo.

Dhahabu ya Bendigo haikukaa juu ya udongo tu, bali ilishuka ndani ya mwamba mgumu mweupe uitwao kwatzi, nayo yote iliyotolewa katika miaka mia ya kwanza yapita wakia milioni 20. Kuifuata walichimba kwenda chini, hata mashimo mengine yakazidi futi 4,000. Ndiyo maana mji haukufa kama kambi nyingi zilivyokufa: mchimbaji wa karai huondoka dhahabu ikiisha, lakini mashine, reli na viwanda hukaa. Ukitembea barabara ya Pall Mall, ukaona posta, chemchemi ya Alexandra na hoteli ya Shamrock, utadhani uko katika mji mkuu wa ufalme fulani.

Mgodi wa Central Deborah ulifanya kazi tangu 1939 hata 1954, ukatoa karibu tani moja ya dhahabu, na sasa mgeni huteremshwa humo. Tulipewa kofia zenye taa, tukaingia katika kizimba cha chuma, tukashuka futi 200. Kiongozi wetu alituonyesha mashine ya kutoboa mwamba, akaiwasha kidogo, na masikio yote yakaziba. Kisha akaeleza kwamba mashine za kwanza zilitoboa pakavu, bila maji, na vumbi la kwatzi likaingia katika mapafu ya watu. Mwaka 1907 daktari Walter Summons alitoa taarifa juu ya maradhi hayo, baada ya kuwachunguza wachimbaji wa Bendigo hao hao. Mtu alikohoa, akakonda, akafa angali kijana, akaacha mjane na watoto.

Baba mdogo akaniambia nimwulize kiongozi, "Vumbi hilo likiingia, je, hutoka?" Nikauliza. Yule kiongozi alimtazama mzee usoni, akasema pole pole, "Hapana, halitoki. Lakini madaktari waweza kusaidia." Sote twajua kikohozi cha baba mdogo, nyumbani tulikiita baridi, tukakiita tumbaku, ingawa hakuvuta kamwe. Kule Chunya alikaa miaka minne kando ya karasha akiponda mawe makavu, kitambaa kimoja tu usoni. Hakuuliza neno jingine mpaka tulipotoka juani. Hapo akasema, "Kumbe lina jina." Tuliporudi nyumbani alikwenda hospitali kupigwa picha ya kifua, jambo alilokataa kwa miaka mingi.

Siku ya mwisho tulikwenda kuona majoka ya Kichina. Wachina walikuja kwa maelfu, na mwaka 1855 serikali ya Victoria ikawatoza paundi 10 kila kichwa washukapo melini. Basi wengi walishukia Robe, katika jimbo jingine, wakatembea kwa miguu zaidi ya maili 200 mpaka machimboni. Bendigo hawakuwasahau. Liko hekalu lao la matofali yaliyopakwa rangi nyekundu, la miaka ya 1870, na liko jumba la makumbusho lenye majoka ya hariri, ambayo hubebwa na makumi ya watu katika maandamano ya Pasaka. Maandamano hayo yalianzishwa mwaka 1871 kuchangia wagonjwa na maskini, na Wachina, waliotozwa na kuchekwa, wakawa miongoni mwa wachangiaji.

Basi, ndugu yetu uliyeuliza, mimi nasema nenda Ballarat, hasa kama unafuatana na watoto, maana siku nzima haitoshi kule kilimani, na bendera ile haipo penginepo duniani. Chukua nguo nzito. Baba mdogo asema Bendigo, tena usiende Januari, kwa kuwa joto ni kali. Nenda wakati wa Pasaka ukaone majoka, na ushuke mgodini hata kama mama watoto ataogopa kizimba. Zile punje tano amezitia katika kichupa kidogo. Nilipomwuliza atazifanyia nini alisema hajui bado, akakirudisha mfukoni.