Fuata Kamba, Si Jicho

Guka, babu yangu, alikuwa shamba boi upande wa Mweiga, katika shamba la mzungu lenye nyumba ya mawe, dohani mbili na uwanja mpana wa nyasi mbele ya veranda. Nilipopata akili, mzungu huyo alikuwa amekwenda zake zamani, lakini mikono ya Guka haikuwa imeacha kazi. Hata ua wa michongoma wa boma letu aliukata kwa kipimo. Alipigilia kigingi huku na kigingi kule, akavuta kamba ya mkonge hadi ikakaza, kisha akapita na makasi makubwa polepole, miiba ikidondoka miguuni. Sisi watoto tulifuata nyuma tukiokota matunda ya manjano, machachu kiasi cha kukunja uso. Nikijaribu kukata mwenyewe, alinisimamisha: "Fuata kamba, si jicho."

Kamba hiyo aliijulia kwa masetla, na masetla waliileta kutoka kwao. Uingereza, mwenye ardhi kubwa alijenga nyumba katikati ya bustani, akapanga miti kwa safu ili mgeni aanze kumheshimu mwenyeji akiwa bado njiani. Waliofika Nyeri waliitamani picha hiyo hiyo, nao sheria ya ardhi ya 1915 ikawawezesha kukodishwa mashamba kwa miaka 999. Nafikiri mtu aliyepewa miaka 999 hupanda miti kwa moyo mwingine kabisa. Guka naye alipewa kipande, kile kitambulisho cha kazi, akakivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma.

Mfano wa wageni hao unaojulikana zaidi kwetu ni Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti. Aliiacha Pax Hill, nyumba yake kubwa katika kaunti ya Hampshire, akahamia 1938 katika nyumba ndogo aliyoiita Paxtu, ndani ya uwanja wa Hoteli ya Outspan. Outspan ilikuwa imefunguliwa 1928 juu ya mto Chania na Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wake, mahali ambapo asubuhi njema Mlima Kenya huonekana wote. Baden-Powell alifariki Januari 8, 1941, akazikwa hapa mjini Nyeri. Baadaye Paxtu ikakaliwa na Jim Corbett, mwindaji mashuhuri wa India, naye akafa 1955 na kuzikwa makaburi hayo hayo. Skauti bado huja kila Februari, wamevaa skafu zao, na mji hujaa.

Waridi na mijakaranda ya bustani hizi ililetwa kutoka mbali. Nyasi je? Guka alipenda sana kutukumbusha kwamba nyasi ya Kikuyu ni ya hapa hapa, ng'ombe wa babu zake waliila kabla ya mzungu yeyote kuifyeka. Leo imetandazwa Australia na Afrika Kusini. Alikuwa na haki ya kujivunia.

Kisha ikaja miaka ya hamsini. Serikali ya koloni ilikuwa imempa Binti Mfalme Elizabeth nyumba ya Sagana, karibu na Kiganjo, kama zawadi ya harusi yake ya 1947. Februari 1952 alilala Treetops, nyumba iliyojengwa juu ya mugumo msituni, na aliporudi Sagana ndipo akaambiwa kuwa baba yake amefariki na yeye ni malkia. Oktoba mwaka ule hali ya hatari ikatangazwa. Mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau wakaichoma Treetops, na watu wetu wakahamishwa kwa nguvu kutoka bomani mwao na kurundikwa vijijini. Shosho, nyanya yangu, alichimba lile handaki la kutenga msitu na watu, akichapwa akisimama kunyoosha mgongo. Wakati huo huo, maili chache tu kutoka alipokuwa, mumewe alikuwa akipogoa waridi. Hawakuwahi kulizungumzia jambo hili mbele yetu wote wawili pamoja. Kila mmoja alinisimulia upande wake, Shosho akiwa jikoni, Guka akiwa shambani.

Skimu za makazi zilianza 1962. Serikali ilinunua mashamba kwa fedha zilizotoka zaidi Uingereza, ikayagawa, na waliogawiwa wakalipa deni kwa miaka. Guka alipata kipande chake, na pale palipokuwa uwanja wa nyasi majirani wakapanda viazi. Kuna wanaosikitika wakisikia hivyo. Mimi sisikitiki hata kidogo: viazi hivyo vilitusomesha. Ninachosikitikia ni nyumba yenyewe. Kwanza ilikuwa nasari, halafu stoo ya mbolea, kisha mabati yakang'olewa usiku mmoja mmoja hadi mvua ikamaliza kuta. Mawe yale yalichongwa na mafundi wetu, na hayakustahili kuachwa hivyo.

Sagana ilirudi mikononi mwa serikali wakati wa uhuru. Sasa ni ikulu ndogo, na Februari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alihutubia hapo viongozi wa Mlima Kenya kuhusu kura iliyokuwa mbele yao. Treetops ilijengwa upya 1957. Kwenye nyasi za mahoteli maharusi wetu hupigwa picha kila Jumamosi. Shamba alilofanyia Guka kazi limeendelea kukatwa: ekari za skimu zimegawiwa wana, wana wakauza, na leo kuna vibao vya ploti za hamsini kwa mia hadi kando ya barabara ya Nyahururu. Safu ya saipresi imekwisha kuwa mbao.

Historia za nyumba hizi husimuliwa kwa majina ya waliolala ndani yake. Mimi nimeanza kuandika majina ya waliokuwa nje: aliyechota maji mtoni kwa punda, aliyenoa panga, akina mama waliong'oa magugu wakiwa wamebeba watoto mgongoni, watoto waliochuma pareto. Mzee mmoja wa rika lile, aliyepita miaka tisini, alisimama nami kati ya vibao vya ploti akanitajia mashimo ya saipresi moja baada ya jingine, na nani alichimba lipi. La nne kutoka langoni lilikuwa la Shosho, kabla hajaolewa.