Adabu ya Kuomba

Wewe unayejifunza Kifaransa katika shule ya Kisii au Nyamira, utafundishwa mapema maneno haya: s'il vous plaît. Yatamke sil vu ple, wala herufi ya mwisho usiisome. Wengi huyakariri wakayabandika mwishoni mwa kila amri, wakadhani kazi ya adabu imekwisha. Nashauri tuyapasue kwanza tuone kokwa yake.

Maana yake ni "ikiwa inakupendezeni". Vous ni nyinyi, lakini Mfaransa humwambia hivyo hata mtu mmoja, kwa heshima. Rafiki na ndugu huambiwa s'il te plaît. Atakayemwambia mwalimu mkuu te huwa amemfanya mwenzake wa kucheza gololi. Tena asiseme je veux, yaani nataka. Aseme je voudrais. Hapo Kiswahili chetu hakikosi mwenziwe, maana -nge- hufanya kazi iyo hiyo: "ningependa" husogeza haja mbali kidogo na uso wa anayeombwa.

Tafadhali nayo ina safari yake. Ilitoka katika Kiarabu, pamoja na fadhila na fadhili. Lakini Mwarabu husema tafaddal anapokaribisha mgeni ndani au anapompa kitu. Akiomba, husema min fadlak. Sisi tulilichukua neno la mtoaji tukalitia kinywani mwa mwombaji. Ajabu ni kwamba Wabelgiji wasemao Kifaransa hutamka s'il vous plaît hata wanapomkabidhi mtu kitu.

Kwetu Gusii heshima haikungoja neno moja. Iko katika chinsoni, ile haya iliyopanga mwenendo wa mtoto mbele ya wazazi na rika lao. Kijana aliyetumwa chumvi kwa jirani huamkia kwanza, humwita mzee omogaka au omong'ina, hujibu habari za nyumbani, ndipo aitaje haja yake. Akifika kwenye haja, nusu ya ombi imekwisha kusemwa.

Mwanafunzi wangu mmoja kutoka upande wa Nyamira alikwenda katika ofisi fulani kutafuta fomu ya msaada wa karo. Alivua kofia, akasimama mbali na meza, macho chini, mikono pamoja. Kisha akasema kwa Kiingereza maneno mawili tu: nipe fomu. Karani, mgeni wa pande hizi, aliyasikia maneno na mwili hakuuona. Akamwambia arudi shuleni akafundishwe adabu. Aliporudi juma la pili, siku za kupokea fomu zilikuwa zimepita. Muhula ule alikaa nyumbani akichuma chai ya watu. Sikubali kwamba kijana yule alikosa adabu. Alikuwa nayo tele, ila aliileta kwa lugha ambayo karani hakuisoma.

Tangu siku ile, darasa langu huombana chaki kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, kila mmoja kwa desturi ya lugha anayoitumia. Kwa Kiswahili wengi husema "nisaidie chaki", usemi wa Kenya hasa, nami siufuti. Msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, nikisema sil vu ple naye akatae?"

Nilimwandikia ubaoni s'il, nikaitenga ile s', iliyo kifupi cha si. Maana yake ni "ikiwa".