Tiva Wawili Mbuga ya Nakuru

Barabara ya kutoka Naivasha ikishapita Gilgil, Ziwa Elmenteita hujitokeza upande wa kushoto, kingo zake nyeupe kwa magadi. Abiria wenzangu kwenye matatu hawakugeuza hata shingo; wamelizoea. Mimi nililiona kwa mara ya kwanza, kinasa sauti mapajani, nikielekea Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru kumtafuta ndege asiyejulikana sana kama heroe: tiva.

Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu wa baiolojia, alinipokea Lanet, tukaingia mbugani kwa gari lake. Heroe walikuwa wachache. Tangu miaka ya 2010 maji ya ziwa yamepanda, magadi yakazimuliwa, mwani wanaoula ukapungua, na wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Migunga iliyokufa imesimama majini. Nilitaka kukaa pale nitazame, lakini Mwalimu alikuwa na haraka.

“Kijana wangu, jua likipanda tiva watanyamaza.”

Tukapanda hadi Baboon Cliff, mahali ambapo mgeni anaruhusiwa kushuka garini. Kichakani ikalia filimbi tamu kama kengele, kisha mkwaruzo, bila pumzi kati yake. Ningeapa ni koo moja. Mwalimu akanionyesha kwa kidole: mmoja tawini, mgongo mweusi, kifua cheupe; mwenzake ndani ya majani. Walikuwa wawili, wakipokezana. Hatukuwa wa kwanza kunasa sauti kama hizi: Myles North, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyerekodi ndege wa Kenya, alitoa santuri ya sauti za ndege wa Afrika mwaka 1958. Mwaka 1963 W. H. Thorpe wa Cambridge akachapisha katika jarida la Nature vipimo vya ndege wa jamii hii ya tiva: mwenza hujibu ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na muda wake haubadiliki sana. Nilikuja kuliona pengo hilo kati ya sauti mbili kwa macho yangu.

Jioni, mjini Nakuru, tulifungua rekodi kwenye programu ya sauti ya Audacity. Spektrogramu huichora sauti: muda unakwenda kulia, wembamba wa sauti unapanda juu, mng’ao unaonyesha nguvu. Ili kuichora, programu hupima rekodi kipande kwa kipande, na urefu wa kipande, yaani dirisha, unauchagua mwenyewe. Rekodi yetu ilikuwa na sampuli 44,100 kwa sekunde. Dirisha la sampuli 4,096 hushika karibu milisekunde 93; mistari ya filimbi ikatoka myembamba na safi, lakini mkwaruzo ukaonekana umegandana nayo. Mwalimu akashusha hadi 512, karibu milisekunde 12. Mistari ikanenepa, pengo likafunguka. Tukaisikiliza rekodi kabla na baada: sauti ile ile, haikuguswa hata sampuli moja. Dennis Gabor alikwisha kuonyesha mwaka 1946 kwamba ukiubana muda, wembamba wa sauti hutawanyika, na ukiubana wembamba, muda hutawanyika. Kwa hiyo dirisha huchaguliwa kwa swali unalouliza, na letu lilikuwa swali la muda.

Kisha tukairefusha rekodi kwa Paulstretch, iliyomo katika programu hiyo hiyo. Hapa dirisha si la picha tena. Programu huikata sauti yenyewe, huvitawanya vipande na kuvipandanisha upya. Mbinu za kurefusha sauti bila kuishusha ni za zamani: vokoda ya awamu ilielezwa na Flanagan na Golden wa Bell Labs mwaka 1966. Tuliacha kipande kwenye robo sekunde, kama programu inavyokuja. Pengo likamezwa. Nilirudi kwenye spektrogramu, nikapunguza dirisha, nikaongeza, na pengo halikurudi, kwa sababu halikuwemo tena ndani ya sauti. Hilo lilinigusa sana. Sauti za wazee wetu wa Bonde la Ufa nazo zimo kwenye tepu zinazogeuzwa kuwa faili siku hizi, na atakayezirefusha ili asikie maneno vizuri, kisha akahifadhi nakala hiyo peke yake, atakuwa amefuta kitu kisichorudishika.

Mwalimu anapenda njia ya zama za tepu: punguza kasi kwa nusu, sauti ishuke oktava moja, kila pengo liwe mara mbili kamili. Tiva walisikika wazito, wageni masikioni, lakini wawili. Pengo tulilipima kwenye rekodi asilia, tukaandika kando ya kipimo ukubwa wa dirisha tulilotumia, na faili lililorefushwa tukaliweka kwenye folda yake.