Kalamu ya Binti na Daftari la Madeni



Wazazi wengi hutuuliza mtoto afanye nini ili awe hodari wa kuandika insha. Swali hili huja zaidi mitihani inapokaribia, na mara nyingi muulizaji hutaraji tumtajie kitabu cha misemo na methali ambacho mtoto atakihifadhi kama ahifadhivyo juzuu. Juma hili tunapenda kulijibu kwa yale tuliyoyashuhudia Nyamasaria, kwani jibu tulilolipata huko lilitoka mikononi mwa mtoto mwenyewe.

Nyamasaria ni mtaa ulioko mashariki ya mji wa Kisumu, kando ya barabara kuu iendayo Nairobi. Mto wenye jina hilohilo hupita hapo ukielekea Ziwa Viktoria. Waislamu si wengi kama huku kwetu pwani, na watoto wao hukua katikati ya lugha nne: Kijaluo kwa majirani, Kiswahili nyumbani na madrasani, Kiingereza shuleni, na Kiarabu cha Qur'ani. Tulikuwa tukiwasomesha baada ya sala ya alasiri, na wale wakubwa walizoea kuja na madaftari yao ya shule ili tuwatazamie Kiswahili chao, wakidhani kwamba kila mwenye lafudhi ya pwani ni mwalimu wa insha.

Siku moja binti wa miaka 12 alitukabidhi insha yenye kichwa "Siku Ambayo Sitaisahau". Ilianza kwa jua kuchomoza na ndege kuimba. Kisha mhusika akapanda garimoshi kwenda Mombasa, akaogelea baharini, akapuuza onyo la wazazi, nusura azame, na mwisho akajuta kwamba majuto ni mjukuu. Methali zilikuwa saba katika kurasa mbili. Hati ilikuwa nzuri na makosa ya tahajia yalikuwa machache.

Tukamwuliza, "Mwanangu, umewahi kupanda garimoshi?"

Akasema, "La, maalim."

"Na bahari umeiona?"

"Sijaiona, maalim. Lakini mwalimu alisema insha kama hii hupata alama."

Hatukumlaumu yeye wala mwalimu wake. Mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ulimpa mtahiniwa dakika 40 za kuandika insha ya Kiswahili yenye alama 40. Aliye katika haraka ya namna hiyo hutafuta silaha iliyokwisha kunolewa na mwingine. Mtihani wenyewe umeondoka, lakini desturi ya kuhifadhi mianzo na miisho ya insha imesalia, na watoto wa leo wameirithi kutoka kwa kaka na dada zao.

Tukamwuliza swali la tatu: ni siku gani ambayo yeye mwenyewe, kwa kweli, hataisahau? Akanyamaza, akachezea ncha ya mtandio wake. Kisha akasema, "Ni ule usiku wa maji."

Wasomaji wa pwani huenda wasijue kwamba masika yanapozidi, mito inayoteremka kutoka milimani hufurika katika nchi tambarare ya Kano na kuingia katika makazi ya watu. Usiku mmoja mto uliingia katika nyumba yao. Alitusimulia hivi: "Tuliamshwa na masufuria. Yalikuwa yanaelea chini ya kitanda na kugongana. Mama alimpandisha mdogo wangu juu ya meza. Kisha akauweka msahafu juu ya kabati, kisha daftari la madeni, ndipo akarudi kuufuata unga. Unga ulikuwa umeshalowa."

Tulimwomba aandike maneno hayohayo, kama alivyoyasema. Akashangaa. Alidhani kwamba maneno ya kusema ni duni, na ya kuandika ni mengine, yaliyohifadhiwa mahali pa juu ambapo mtoto wa Nyamasaria hawezi kufika ila kwa kuazima.

Likatuvutia lile daftari la madeni lililookolewa kabla ya unga. Mama yake huuza omena, yaani dagaa wa ziwani, kwa kipimo cha gorogoro, na wateja wake wengi huchukua leo na kulipa mwisho wa juma. Mama hajui kuandika. Mwandishi wa daftari ni huyu binti, tangu alipokuwa na miaka 9. Tulipoomba kulitazama, tuliona mistari ya namna hii: siku na tarehe, jina la aliyechukua, gorogoro ngapi, shilingi ngapi, lini atalipa, na nani alikuwapo. Kurasa zilikuwa zimejikunja kwa unyevu, lakini zilisomeka.

Baada ya mafuriko yale, daftari hilo lilitiwa majaribuni. Jirani mmoja, naye akiwa amepoteza vitu vyake, alisema kwa nia safi kwamba anakumbuka deni la gorogoro moja. Binti akafungua ukurasa na kusoma: gorogoro mbili, siku ya Jumanne, na dada yake jirani alikuwapo. Jirani akakumbuka, akakubali, na mama akamwongezea muda wa kulipa. Hakuna aliyepandisha sauti. Lakini ulikuwapo mstari mwingine, ulioandikwa kwa haraka siku ya mvua: "Mama wa kona, omena kidogo, atalipa." Kidogo ni kiasi gani? Atalipa lini? Mama alisema gorogoro tatu, mwenziwe akasema moja, na kila mmoja aliamini anasema kweli. Deni likapotea, na maamkizi yao yakapoa kwa miezi.

Tuliuweka mstari ule wa Jumanne kando ya ile insha ya garimoshi, tukamwambia binti kwamba mwandishi mzuri anayemtafuta yumo tayari nyumbani mwao, na kazi iliyobaki ni kumpeleka shuleni.

Ndugu wasomaji, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya 282 katika Suratul Baqara, nayo inazungumzia kuandika deni. Mwenyezi Mungu anaamrisha deni la muda maalumu liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, na asikatae kuandika hali Mola wake amemfundisha. Mwenye kudaiwa ndiye atamke, wapatikane mashahidi, na watu wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa, pamoja na muda wake. Aya mbili kabla yake, Mola anaagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula. Huruma na maandishi yaliyo sahihi vimewekwa jirani. Mama yule aliweza kumhurumia jirani yake kwa amani kwa sababu kiasi cha deni kilijulikana. Pale kiasi kilipofichika, huruma ilikosa pa kusimama, ikageuka ugomvi.

Basi uandishi ni ushahidi kabla ya kuwa pambo. Mtoto anayezoea kuandika asiyoyaona kwa maneno asiyoyamiliki anajifunza, bila kukusudia, kwamba karatasi haihitaji ukweli. Kesho huyohuyo ataandika ripoti ya zahanati, kumbukumbu za kikao cha msikiti, au wasia wa mzazi aliye kitandani. Tunataka mkono wake uwe umezoea nini wakati huo?

Jambo la pili alilohitaji kujifunza ni kuandika upya. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo tuliyolelewa nayo pwani, alizaliwa mwaka 150 wa Hijria, akalelewa yatima na mama asiyekuwa na mali. Imepokewa kwamba hakuwa na fedha za kununua karatasi, akawa anaandika masomo yake juu ya mifupa. Alipokuwa mwanachuoni mkubwa aliandika Al-Risala, na alipohamia Misri akaiandika tena. Ikiwa imamu aliyebobea katika Kiarabu alirudia kitabu chake, mtoto wa shule asione aibu kurudia kurasa mbili. Binti yetu aliiandika insha ya usiku wa maji mara tatu. Mara ya pili alifuta ndege na jua, kwa kuwa ulikuwa usiku. Mara ya tatu aliongeza kina cha maji, "yalifika kwenye goti la mama", kwa sababu tulimwuliza, kama anavyowauliza wateja, kiasi gani.

Sasa tuseme yaliyofuata bila kuyapamba. Insha ile ilirudi kutoka shuleni ikiwa na alama mbili chini ya ile ya garimoshi, na maneno ya wino mwekundu: "Pamba lugha." Mama alikuja madrasani na daftari mkononi. "Maalim," alisema kwa adabu, "ukweli wetu umetupunguzia alama." Lilikuwa neno zito, kwani mzazi anayeuza dagaa kwa gorogoro huzihesabu alama za mwanawe kama ahesabuvyo shilingi. Tulimwambia kwamba mwalimu naye ana haki yake: methali ni mali ya Waswahili, na mtoto anapaswa kuzijua. Tukamwomba binti atafute methali moja tu inayoulingana usiku ule. Alifikiri mpaka siku ya pili, akaja na "Usiache mbachao kwa msala upitao", akaiweka pale mama anapookoa daftari kuukuu kabla ya unga mpya. Methali ile haikuwa imebandikwa. Ilikuwa imepata kwao. Alama za insha zilizofuata zilipanda na kushuka kama za watoto wengine, lakini hakurudi tena kwenye garimoshi.

Kwa wazazi wenzetu, na hasa akina mama, tunausia haya. Kabla mtoto hajaandika, mwache akusimulie, nawe umsikilize bila kushika simu. Muulize nani, wapi, kiasi gani, na sauti gani ilisikika. Akishaandika, akusomee kwa sauti, kwani sikio hulinasa kosa ambalo jicho limeliruka. Kisha aandike tena. Hakuna katika hayo linalomtaka mama awe amesoma. Mwana Kupona binti Msham alipotunga utendi wake mwaka 1858, alimwita bintiye aje na wino na karatasi, akae karibu, ayapokee maneno ya mama. Mama wa Nyamasaria hufanya hivyo kila jioni pembeni ya beseni la dagaa. Yeye husema, binti huandika, kisha binti humsomea, na mama hutikisa kichwa kukubali au kukataa.

Mpe mwanao daftari la nyumbani, na umkabidhi kazi ya kweli: matumizi ya juma, waliokuja kumzuru mgonjwa, ahadi tuliyompa jirani. Atajua kwamba kuna mtu anayelitegemea neno lake.

Mwenyezi Mungu azijaalie kalamu za watoto wetu ziwe mashahidi wa haki, kwetu na si dhidi yetu. Amin.