Mkono wa Kanzu

Juzi mpwa wangu alinambia "Zombie" ni wimbo wa Bad Wolves. Nikamwambia wenyewe ni The Cranberries, bendi ya Limerick, Ireland. Akauliza, "Ndio akina nani hao, mjomba?" Swali lile liliniuma, nami sijalimaliza moyoni.

Mimi niliwajulia Mombasa, Mwembe Tayari, kwenye kibanda cha mzee mrekodi kanda tuliyemwita Ami. Kibanda kilinukia spiriti na udi. Kila asubuhi alichovya pamba kwenye spiriti akasafisha vichwa vya deki, polepole, kama anayemsafisha mtoto masikio, kisha akatia udi kwenye chetezo. Mpaka leo nikidungwa sindano hospitalini, ile pamba hunirudisha pale.

Mwanawe alikuwa baharia, na ndiye aliyemletea sidi ya No Need to Argue, albamu yao. Nilikwenda na kanda tupu ya dakika 60, nikamwamkia, nikamwomba anirekodie "Zombie" tu, kwingine ajaze nyimbo za watu wengine. Alikataa.

"Mwanangu, umeona wapi mtu akanunua mkono wa kanzu?"

Akarekodi nyimbo zote 13, akaandika majina yake kwa biki ya buluu, herufi zimelala upande. Alikuwa na haki. Albamu ile inafunguliwa na "Ode to My Family", ya upole, na "Zombie" ni ya nne. Ukiwa umeshatulizwa na tatu za mwanzo, gitaa zito linakuingilia kama mlango uliopigwa teke. Upande wa pili unamalizikia kwenye wimbo uliobeba jina la albamu, sauti ya mwimbaji wao Dolores O'Riordan na kinanda, basi. Nimehakikisha tarehe: "Zombie", singo ya kwanza kati ya nne, ilitoka Septemba 1994, albamu Oktoba. Kwetu ilifika baadaye. Mwaka gani hasa, si kitu.

Siku hizi wimbo husikilizwa nusu dakika, kidole kikapita. Vijana wanaruka na "Zombie" bila kujua ni kilio. Machi 1993 mabomu yalitegwa kwenye mapipa ya taka katika mtaa wa maduka mjini Warrington, Uingereza, yakaua watoto wawili. Waliotega walidai kuipigania Ireland. Dolores, binti wa Ireland, alikataa damu ile imwagwe kwa jina la watu wake, akauandika wimbo huu.

Kibanda kilibomolewa. Sidi zikaja, flashi zikaja, simu zikameza vyote. The Cranberries nao walisimama 2003, wakarudi 2009. Dolores alifariki London Januari 2018, akiwa na miaka 46, siku ileile aliyotarajiwa kuingiza sauti yake kwenye "Zombie" ya Bad Wolves. Wakaitoa bila yeye, na mapato wakawapa wanawe. Kwa hilo nawaheshimu.

Kanda ya Ami ninayo bado. Jumapili nilimkalisha mpwa wangu mbele ya redio kaseti, tukasikiliza pande zote mbili. Nilimtajia na watoto wale: Johnathan Ball, miaka 3, na Tim Parry, miaka 12. Nawe unayeucheza wimbo huu harusini na baa, wajue.